Wamanyema Waliopotea Njiani: Usawiri wa Wahusika wa Tarzan kutoka Riwayani hadi Televisheni

Msomaji aliyezaliwa Kasongo au Kabambare, kusini mwa Maniema, akiifungua riwaya ya pili katika mfululizo wa Tarzan hukutana humo na jina la kwao. Riwaya hiyo, The Return of Tarzan, ilitoka kwanza gazetini mwaka 1913 na kuchapwa kitabu mwaka 1915. Ndani yake Edgar Rice Burroughs anawaleta wavamizi wa pembe za ndovu hadi kijiji cha watu anaowaita Waziri. Mabwana wa msafara ni Waarabu. Wanaobeba bunduki na mizigo ni watumwa wao, nao wametajwa kwa jina la Manyuema, ambalo ni tahajia ya Kiingereza ya wakati huo kwa Wamanyema. Msomaji huyohuyo akimtazama Tarzan wa televisheni, awe yule wa mwaka 1966, wa 1976, wa 1991 au wa 2001, hatawakuta watu hao miongoni mwa wahusika.

Uhakiki mwingi wa Tarzan umemhusu shujaa mwenyewe: ngozi yake, nguvu zake, na hasa ulimi wake. Makala haya yanawahusu waliomzunguka. Hoja yake ni kwamba televisheni, katika kumtengeneza upya Tarzan, iliyahifadhi yale ambayo Burroughs aliyabuni na kuyatupa machache ambayo hakuyabuni. Riwaya hizi ni za kinjozi. Kuna nyani wanaosema lugha yao wenyewe, na kuna mji wa Opar uliobaki tangu kuzama kwa bara la Atlantis. Katikati ya mambo hayo yote ya kubuni, Wamanyema ni miongoni mwa wachache waliotoka kwenye ramani ya kweli. Hao ndio waliodondoka njiani.

Mabadiliko ya Tarzan yenyewe yanajulikana na hayahitaji maelezo marefu. Katika riwaya ya kwanza, iliyotoka gazetini mwaka 1912, Tarzan anajifunza kusoma Kiingereza peke yake kwa vitabu vya picha vilivyoachwa na wazazi wake, kabla hajawahi kusema na mwanadamu yeyote. Lugha ya kwanza ya binadamu anayoitamka ni Kifaransa, anachofundishwa na Luteni Paul d'Arnot. Ni mrithi wa ukoo wa Greystoke, msomaji na mwenye lugha nyingi. Filamu ya kampuni ya MGM ya mwaka 1932 ilimpokonya ulimi huo, ikamwacha Johnny Weissmuller na maneno machache ya kuokoteza. Mfululizo wa televisheni wa NBC, ulioanza Septemba 1966 na kuendelea hadi 1968 kwa vipindi 57, ulimrudishia. Tarzan wa Ron Ely ni mtu aliyesoma ughaibuni, anayesema kwa ufasaha, aliyerudi msituni kwa hiari yake. Jane hayupo. Mahali pake yupo mvulana yatima, Jai, pamoja na sokwe Cheeta, ambaye ni mtoto wa sinema. Katika riwaya kipenzi cha Tarzan ni kima mdogo aitwaye Nkima.

Kwa hiyo wahakiki waliousifu mfululizo huo kwamba ulimrudisha Tarzan kwa mwandishi wake walikuwa na haki, ila haki yao ni nusu. Ulimrudisha Tarzan peke yake.

Katika The Return of Tarzan shujaa huyu haishi peke yake. Anakutana na Busuli, mpiganaji wa Waziri, anapelekwa kijijini, anawinda nao, anajifunza lugha yao. Wavamizi wanapokuja, mzee mtawala anauawa kwa risasi, na watu wanamchagua Tarzan kushika nafasi yake na hata jina lake. Msomaji wa Kiswahili hawezi kukosa kutabasamu hapa, kwa kuwa Waziri kwake ni cheo, si kabila. Mtawala anaitwa Waziri, watu wake wanaitwa Waziri, na mgeni akitawazwa naye anaitwa Waziri, kama kwamba baraza zima la serikali limehamia msituni. Hata hivyo, muundo wa kisa ni imara: Tarzan anapata cheo kwa sababu kuna watu wa kumpa. Katika mfululizo wa Ron Ely hakuna wa kumpa. Amekuwa mlinzi wa pori. Kila juma linamletea mhalifu mpya, mtoro mpya, au mgeni mpya aliyepotea, na kila juma mambo humalizika kabla ya saa kwisha ili juma lijalo lianze upya.

Sababu mojawapo ni ya fani. Mfululizo wa namna ile haukuwa na kumbukumbu: kipindi cha leo hakikuwajibika kwa cha jana. Watu wenye historia wangeleta deni kutoka kipindi hadi kipindi, na hilo ndilo lisilotakiwa. Tena mandhari yenyewe yalipigwa picha Brazil na Mexico, na Waafrika walioonekana walikuwa watu wa falme za kubuni zisizo na jirani wala barabara. Mwaka 1968 waimbaji mashuhuri wa Marekani, The Supremes, walionekana katika kipindi kimojawapo wakiwa watawa watatu wa kimisheni. Kipindi hicho kinafurahisha bado. Lakini kinaonyesha pia jinsi bara zima lilivyokuwa limegeuzwa jukwaa tupu ambalo yeyote angeweza kupandishwa juu yake, mradi asiwe ametoka mahali panapojulikana.

Jina Manyuema, kwa upande wake, lilitoka mahali panapojulikana sana. Burroughs hakuwahi kukanyaga Afrika. Miongoni mwa vitabu alivyokiri kuvitegemea ni In Darkest Africa cha Henry Morton Stanley, kilichotoka mwaka 1890, chenye habari za safari ya kumwokoa Emin Pasha kati ya 1887 na 1889. Wamanyema wa Stanley ni wafuasi wa Tippu Tip na wafanyabiashara wenzake, wenye bunduki, wanaotafuta pembe katika msitu wa Ituri, wakali kwa wenyeji na kwa wapagazi wa Stanley mwenyewe. Burroughs aliwachukua hivyo walivyo, pamoja na tahajia yao.

Lakini picha hiyo ya Stanley ni ya miaka michache tu, na miaka michache kabla yake picha ilikuwa nyingine. David Livingstone alikaa Kabambare, ambayo yeye aliiandika Bambarre, kwa miezi mingi ya 1870 hadi mwanzoni mwa 1871, vidonda vya miguu vikiwa vimemzuia kusafiri. Kutoka hapo akaenda Nyangwe, ukingoni mwa Lualaba, na tarehe 15 Julai 1871 akashuhudia watu wa wafanyabiashara wakifyatua risasi sokoni. Waliouawa walihesabiwa kwa mamia, wengi wao wanawake waliokuja kuuza na kununua. Hao ndio Wamanyema wa 1871: watu wa soko, waliokufa majini wakikimbia. Wamanyema wa 1887 ndio wenye bunduki. Kilichotokea katikati ni makazi makubwa ya Kasongo, Nyangwe na Kabambare, ambako vijana walionunuliwa, waliotekwa au waliojiunga wenyewe walikulia chini ya mabwana wa pwani, wakajifunza Kiswahili, wengine wakasilimu, wakapewa silaha, wakaanza kuitwa Wangwana. Lugha yao ikaja kuitwa Kingwana. Mtu yuleyule aliweza kuwa mwana wa mama aliyeponea chupuchupu sokoni na tena kuwa mvamizi wa kijiji cha mwingine.

Historia hii haimo katika riwaya. Burroughs anawagawa Waafrika wake mafungu mawili: Waziri, aliowapa sura na tabia ya kupendeza kwa macho ya msomaji wake wa Marekani, na wengine, ambao Wamanyema ni wabaya kati yao. Anawapa sifa ya kula watu bila hata kusita. Livingstone, aliyeishi nao, alisita kwa muda mrefu na mwanzoni aliona kuwa ushahidi haujatosha, ingawa baadaye alikubali. Burroughs, asiyewaona, hakuwa na shaka. Hakuna Mmanyema hata mmoja katika kisa hicho aliyepewa jina lake binafsi. Kwa istilahi ya uhakiki ni wahusika bapa, tena bapa wa kundi zima. Makala haya hayana nia ya kumtetea mwandishi juu ya hilo.

Hata hivyo, kuna tukio moja katika kisa hicho ambalo wahakiki hulipita haraka, na ambalo ndilo hasa televisheni ilipoteza. Waziri, kwa shauri la Tarzan, wameacha kushambulia ana kwa ana. Wanaufuata msafara wa wavamizi kwa siri na kuwapunguza mmojammoja kwa mishale. Kisha sauti inatoka mitini na kuwasemesha watumwa, si mabwana. Inawauliza kwa nini hawawaui Waarabu wanaowatesa, ilhali bunduki wanazo wao. Inawaahidi chakula na njia salama ya kutoka nchini iwapo watawageukia mabwana zao na kuitua pembe. Nao wanageuka. Vita vinazuka ndani ya msafara wenyewe, Waarabu wanauawa, na Wamanyema wanairudisha pembe kijijini.

Tukio hilo lina kasoro iliyo wazi: wazo la uasi linatoka kinywani mwa Mzungu aliyejificha juu ya mti, kana kwamba watumwa wenyewe hawakuwahi kuliwaza. Lakini uamuzi ni wao. Kwa muda wa kurasa chache kundi lililochorwa kama silaha tu linageuka kuwa watu wanaopima, wanaogombana na wanaochagua. Na uchaguzi huo si wa kinjozi. Ngongo Lutete, aliyekuwa mtu wa Tippu Tip magharibi ya Lualaba, aliwaacha mabwana hao mwaka 1892 na kujiunga na majeshi ya Dola Huru ya Kongo. Bila askari wake, Dhanis asingeiteka Nyangwe Machi 1893 wala Kasongo tarehe 22 Aprili mwaka huohuo. Septemba 1893 maofisa wa Dola hiyohiyo walimhukumu Ngongo Lutete na kumwua. Vita viliendelea dhidi ya Rumaliza hadi Januari 1894, Kabambare ilipotekwa. Atakayeisoma sura hiyo ya Burroughs akiwa na miaka hiyo kichwani ataona kuwa mwandishi, pengine bila kujua, aligusa swali lililokuwa la uhai na mauti kusini mwa Maniema: mwenye bunduki ya bwana anamfyatulia nani?

Swali hilo haliwezi kuulizwa katika televisheni, maana anayeulizwa ameondolewa. Watumishi wa wahalifu katika vipindi vya Ron Ely hupigwa, hukimbia au hukamatwa. Kazi ya kugeuka imebaki kwa mhalifu mkuu, aghalabu mgeni, anayepewa dakika ya kujuta kabla ya kipindi kwisha.

Jambo hilohilo limempata Leopold II. Riwaya ya kwanza inaeleza kwamba watu wa mtawala Mbonga walihamia pwani ya Tarzan kwa kuwakimbia askari wa Wazungu waliowasumbua kwa mpira na pembe, na baadaye msimulizi anamtaja mfalme wa Ubelgiji waziwazi na kumlaani kwa unafiki. Ni sentensi chache, lakini zinampa Mbonga sababu, hata katika ukatili wake. Mfululizo wa 1966 ulikuja miaka sita baada ya uhuru wa Kongo, na miaka miwili baada ya uasi wa 1964 uliopita Kindu na Maniema. Waasi wale walijiita Simba. Mtazamaji wa Marekani alikuwa amekwisha kusikia habari zao kila jioni. Yamkini ndiyo maana watayarishaji waliona heri Afrika isiyo na majina: jina lolote la kweli lingemkumbusha mtu habari za saa moja kabla ya kipindi.

Mifululizo iliyofuata inaweza kupitwa haraka. Ule wa katuni wa kampuni ya Filmation, ulioanza kuonyeshwa na CBS mwaka 1976, ulimrudisha Nkima na miji iliyofichika, na kwa upande wa njozi uko karibu na riwaya kuliko mingine mingi. Ule wa 1991, ambamo Wolf Larson alikuwa Tarzan, ulimfanya Jane kuwa mwanasayansi wa Kifaransa anayelinda mazingira. Inafaa kuangalia safari ya Jane. Katika riwaya ni Mmarekani wa Baltimore, hapa ni Mfaransa, na kwa Disney ni Mwingereza. Kila mtayarishaji aliona umuhimu wa kumpa mwanamke huyu nchi.

Mfululizo wa Disney, The Legend of Tarzan, uliotoka kati ya 2001 na 2003, unastahili kusimamiwa zaidi, kwa sababu unajaribu kurekebisha. Filamu ya 1999 iliyouzaa haikuonyesha Mwafrika hata mmoja, jambo la kustaajabisha kwa kisa kinachotokea Afrika. Mfululizo uliwarudisha Waziri, na pamoja nao kijana Basuli, mwana wa mtawala, ambaye jina lake linatoka katika riwaya. Ulimrudisha pia La, malkia wa Opar. Mabadiliko ya wahusika wengine yanafuata mkondo mmoja, nao ni kulainisha. Kerchak, ambaye katika riwaya ndiye aliyemwua baba yake Tarzan na akauawa na Tarzan, alikuwa amekwisha kugeuzwa na filamu kuwa kiongozi mkali mwenye moyo. Terkoz, dume katili aliyemteka Jane, akawa Terk, rafiki wa kike mwenye mizaha. Clayton, jina la ukoo wa Tarzan mwenyewe, likapewa mwindaji mwovu. Na biashara yote ya bara hilo, iliyowahi kujaza pembe na watumwa katika njia ya kutoka Lualaba kupitia Kabambare hadi Ujiji, ikapunguzwa kuwa duka moja la Mfaransa aitwaye Dumont.

Basuli ni mhusika mzuri: ana baba, ana wajibu, ana shaka. Ni zaidi ya alivyopewa na Burroughs. Lakini Waziri wa Disney wamerudishwa bila adui wao. Kisa cha uvamizi wa pembe, ambacho ndicho kilichowaleta Waziri katika fasihi hiyo, kimeachwa. Wema wao, kwa hiyo, hauna cha kushindana nacho isipokuwa wanyama, uchawi na wageni wachache wakorofi.

Ipo hoja ya upande wa pili, nayo ni nzito. Mtayarishaji anayewaacha Wamanyema nje pengine ametenda jema. Kuwaleta kama walivyoandikwa kungekuwa kuingiza tusi katika sebule za mamilioni, tena mbele ya watoto. Nani wa Kasongo angependa mwanawe amwone babu yake akichorwa katuni kama mla watu? Hoja hiyo ingetosha kama kungekuwa na njia mbili tu, kutukana au kufuta. Njia ya tatu ilikuwapo, nayo ni kuwapa majina na sababu, kama Basuli alivyopewa. Tusi lililoandikwa hujibiwa, na wanahistoria wamelijibu. Aliyefutwa hana cha kujibu, na mtoto anayemtazama Basuli hajui kuwa katika kisa cha asili kulikuwa na kundi jingine la Waafrika, lililofungwa, lililoasi, likaenda kwao.

Wala haiwezi kusemwa kuwa vifaa vilikosekana. Maisha ya Hamed bin Muhammed, yaani Tippu Tip, kwa maneno yake mwenyewe, yalichapwa kwa Kiswahili huko Berlin mwaka 1902 na 1903, miaka kumi kabla ya Tarzan kuzaliwa, na yakatolewa tena pamoja na tafsiri ya Kiingereza ya Whiteley mwishoni mwa miaka ya 1950. Humo kuna mgeni mwingine aliyepewa utawala wa watu wasio wake. Tippu Tip anasimulia jinsi alivyomwendea Kasongo Rushie, mtawala mzee wa Utetera, akadai undugu naye kupitia bibi aliyetekwa zamani, na mzee akamkabidhi nchi. Ukiliweka tukio hilo kando ya kutawazwa kwa Tarzan, mfanano unashangaza, na tofauti inafundisha zaidi. Tarzan anapewa cheo kwa ushujaa, na msomaji anatakiwa aamini. Tippu Tip anapewa kwa hadithi aliyoitunga, naye mwenyewe anaisimulia kwa raha ya mtu aliyefanikiwa. Ni kweli kwamba naye ni bwana, na watumwa wake hawasemi sana katika kitabu chake. Lakini watawala wa Maniema wana majina humo, wanabishana, wanapatana bei, wanadanganywa na wanadanganya. Hilo tu lingetosha kumpa mwandishi wa televisheni msimu mzima.

Filamu ya mwaka 2016, The Legend of Tarzan, ilionyesha kuwa historia inaweza kurudishwa bila njozi kuharibika: humo yumo Leopold kwa jina, wamo ofisa Léon Rom na Mmarekani mweusi George Washington Williams, watu wa kweli wote watatu. Wamanyema hawakurudi hata huko. Huenda ni kwa kuwa kuwarudisha kunamlazimu mwandishi kueleza habari ambayo haina upande mmoja wa waovu.

Tatizo hilo litamfikia pia atakayeitafsiri The Return of Tarzan kwa Kiswahili. Waziri watamsumbua kwa sarufi, maana hawawezi kuwa Mawaziri. Manyuema watamsumbua kwa jambo kubwa zaidi. Akiacha tahajia ya Burroughs, msomaji atadhani ni jina la kubuni, sawa na Opar. Akiandika Wamanyema, basi katika Kasongo, Kabambare, Ujiji, Buyenzi ya Bujumbura na karibu na Msikiti wa Manyema huko Kariakoo kutakuwa na wasomaji watakaojua mara moja ni nani anayeitwa mtumwa na mla watu katika ukurasa ule, na ni nani, kurasa chache baadaye, anayeitua pembe na kumgeuzia bwana wake bunduki.